Dada wa Pili Naye Apewe Jina Lake

Binti wa kwanza huzaliwa akikuta jina linamngoja. Nyanya zake wameshalivutania, wazee wameshasikizwa, na pasta ameshaulizwa kama jina la ubatizo linafaa. Wa pili huzaliwa watu wakiwa wamechoka. Dada yake ni Mercy, basi naye awe Marcy. Dada yake ni Sharon, basi awe Sherine. Wenyewe hupendezwa na jinsi majina yanavyoitikiana, na mambo yakaishia hapo.

Mimi napinga desturi hii, na huipinga waziwazi kila inapozuka katika ukoo wetu hapa Kisumu. Mtoto wa pili si kiitikio cha wa kwanza. Ana haki ya kutafutiwa jina kwa bidii ile ile aliyotafutiwa dada yake: jina kamili la kuandikwa kwenye cheti, na jina la nyumbani ambalo hataona haya nalo akiwa mtu mzima.

Huku magharibi mwa Kenya kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaliwazii hadi watoto wafike shule. Majina yetu ya asili ya kike, mengi yake, huanza kwa herufi moja. Kwa Wajaluo ni A: Akinyi, Anyango, Achieng', Adhiambo, Atieno, Awuor, kuanzia alfajiri hadi usiku mkubwa. Kwa Wabukusu ni N: Nafula wa mvua, Nekesa wa mavuno, Naliaka wa palizi, Nasimiyu wa kiangazi, Nanjala wa njaa. Wakalenjin wana Chebet, Cherotich, Chepkoech na Chelagat. Ukifika Nakuru kwa Wakikuyu, W ndiyo inayotawala: Wanjiru, Wambui, Wanjiku, Wangari. Kwa hiyo kwenye karatasi, jina la katikati haliwatenganishi dada wawili. Jina la baba ni lile lile. Linalobaki ni jina la ubatizo peke yake, na hilo ndilo wazazi wanalolifananisha! Maureen Achieng' Otieno na Mercy Akinyi Otieno wote wawili ni M. A. Otieno.

Nenda shule yoyote ya bweni siku ya kufungua uangalie masanduku yakishushwa kutoka juu ya matatu. Sanduku la bati, kufuli, na juu ya kifuniko jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Nafasi haitoshi, kwa hiyo aliyeandika ameweka herufi mbili na jina la baba. Nawajua dada wawili waliosoma shule moja hivyo, masanduku mawili yenye maandishi yale yale. Mkubwa alipoteza kitabu cha maktaba, na aliyeitwa ofisini mbele ya wenzake kukilipa ni mdogo. Alieleza, hakusikizwa, kwa sababu daftari lilisema M. A., na M. A. alikuwa yeye. Watu wazima hulipuuza jambo kama hili. Kwa msichana wa kidato cha kwanza ambaye tayari kila mwalimu anamwita "mdogo wa fulani", linauma kweli.

Wapo watakaoniambia majina yanayofanana huwaunganisha ndugu. Nawaomba watazame mila zetu za mapacha. Kwa Wajaluo binti anayetangulia kutoka ni Apiyo, anayemfuata ni Adongo, na mtoto atakayezaliwa baada yao, akiwa msichana, ni Akelo. Wabukusu wana Mukhwana na Mulongo, kisha Khisa. Hawa wamekaa tumbo moja kwa wakati mmoja, na bado kila mmoja alitengewa jina ambalo ukiliita uani, hawezi kuitika mwingine. Kama wazee hawakuona haja ya kuwafananisha mapacha kwa sauti, sisi tunawafananisha kwa nini watoto waliopishana miaka mitatu?

Kaka yangu ameoa Nakuru, kwa Wakikuyu, na kwa sababu hiyo suala la majina limekuwa la koo mbili. Binti yao wa kwanza alipata jina la mama yetu, Adhiambo. Hapo hakukuwa na ubishi: kwa desturi ya Wakikuyu binti wa kwanza humrithi nyanya wa upande wa baba, na upande wetu ulifurahi mno. Sasa wa pili yuko njiani, na kwa desturi hiyo hiyo atamrithi nyanya wa upande wa mama. Ataitwa Wanjiru. Baadhi ya wazee wetu wamenung'unika. Mtoto wa Mjaluo aitweje Wanjiru?

Nimesimama na wifi yangu katika hili, tena bila kusitasita. Kati ya mila za majina ninazozijua, hii ndiyo inayowatendea haki dada wawili kuliko zote. Wa kwanza anabeba nyanya mmoja, wa pili anabeba nyanya wa pili, na hakuna aliyepewa masalio. Mtoto huyo atakapouliza siku moja jina lake lilitoka wapi, ataonyeshwa mtu: mwanamke wa Njoro, shamba lake la viazi, watoto aliowasomesha. Dada yake ataonyeshwa mama yetu. Kama wazee wetu wanataka jina la Kijaluo pia, sisi tuna mila ya kumpa mtoto saa yake. Akizaliwa katikati ya asubuhi, ni Anyango, na hiyo ni mali yake asiyoirithi kwa yeyote. Lisimame kwenye cheti pamoja na Wanjiru. Sioni linaloharibika.

Desturi hiyo ina udhaifu wake, sikatai. Kwa cucu wa Njoro, yaani nyanya yule wa upande wa mama, ukiita "Wanjiru!" wakati wa Krismasi wanaitika wajukuu kutoka kila pembe, kwa sababu kila mwana na kila binti amemtaja mama yule yule. Ndipo majina ya kufupisha yanapokuwa ya lazima: huyu ni Ciru, yule ni Shiro, yule mwingine anaitwa kwa jina lake pamoja na la baba yake. Na lipo jambo jingine linalonigusa kila ninapoliona. Wifi yangu hawezi kumkaripia binti yake kwa jina la mama mkwe, mama mkwe mwenyewe akiwa ameketi sebuleni anakunywa chai. "Adhiambo, acha ujinga!" Haiwezekani. Kwa hiyo nyumbani binti huyo anaitwa Dani, yaani nyanya, na baba yake anapomwita hivyo sauti yake hubadilika kidogo. Jina la nyumbani lililozaliwa kwa heshima namna hiyo halihitaji kuchaguliwa. Liacheni.

Kuna majina mengine ya nyumbani ambayo ningeyafuta leo kama ningekuwa na uwezo. Mmoja anaitwa Mzungu kwa sababu amezaliwa mweupe. Mdogo wake anaitwa Mweusi. Mmoja ni Mrembo, na wa pili hana jina, anaitwa tu "wewe". Mmoja ni Profesa, mwingine ni Mama Jikoni. Nimeyasikia majina haya kwenye nyumba za watu wema, wanaowapenda watoto wao wote sawa. Hawakusudii ubaya. Lakini kwa dada wawili, jina la utani kamwe si la mtu mmoja. Ukimwita mmoja Mrembo mbele ya mwenzake, umewataja wote wawili, na yule asiyetajwa ndiye anayesikia zaidi. Kila asubuhi wakipiga mswaki kwenye karai moja, jina moja linaitwa kwa furaha na jingine linaitwa kwa kazi. Fanya hivyo kwa miaka kumi, kisha ushangae mbona hawapatani.

Vivyo hivyo majina ya mwili. Mtoto mnene anaitwa Kanono akiwa na miaka miwili na kila mtu anambeba kwa furaha. Akifika darasa la sita jina lile lile linapigwa kelele uwanjani, na dada yake mwembamba, ambaye hana jina la mwili, ndiye aliyelipeleka shuleni bila kujua. Watoto hawaachi majina ya nyumbani getini. Kipimo changu ni hiki: jina la utani ulipendalo kwa binti yako, je, ungelikubali lisomwe siku ya harusi yake, au siku anapoapishwa kuwa wakili? Kama ungelinyamazisha siku hiyo, linyamazishe sasa.

Njia rahisi zaidi, kwa maoni yangu, ni kukata jina la utani kutoka kwenye jina lenyewe. Atieno huwa Atis, Adhiambo huwa Adhis, Achieng' huwa Achi, Wangui huwa Kui, Wanjiku huwa Shiku. Mtoto anabaki mtu mmoja nyumbani na shuleni. Kwa Wakalenjin pana mtego mdogo hapa: Chepkoech, Chepkemoi na Chepng'etich wote wakikatwa mbele wanakuwa Chep, na nyumba nzima ina Chep. Wakateni nyuma. Koech si Kemoi.

Na jina la utani lenyewe laweza kusimama kama jina rasmi, msiliogope. Mwigizaji Lupita Nyong'o, ambaye ukoo wake ni wa Kisumu, alizaliwa Mexico mwaka 1983, na wazazi wake wakampa jina la huko. Lupita ni kifupi cha Guadalupe, namna ambavyo Atis ni kifupi cha Atieno. Wazazi hawakumwandikisha Guadalupe ili wamwite Lupita mezani. Waliandika lile watakalomwita, wakaweka Amondi katikati, na dunia nzima inamwita kama mama yake anavyomwita. Tena kumpa mtoto jina la mahali na mambo ya siku aliyozaliwa ni Ujaluo mtupu, hata kama jina ni la Kimexico.

Kinyume chake ni jambo linalonikera kidogo kila ninapotazama riadha. Faith Chepng'etich Kipyegon ameshinda dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki tatu mfululizo, Rio 2016, Tokyo 2020 na Paris 2024. Watangazaji humwita Kipyegon, jina lenye Kip ya kiume. Chepng'etich, jina lake mwenyewe la kike, hulisikii. Sina neno na jina la baba. Nasema tu kwamba mzazi anayeandika majina matatu kwenye fomu ajue ni lipi litakalotamkwa na lipi litakalofichwa katikati, kisha aamue kwa kukusudia, na afanye hivyo hivyo kwa dada wote. Zipo familia ambazo mkubwa amebeba jina la baba na mdogo jina la babu, kwa sababu tu siku ile ya hospitali aliyekwenda kuandikisha alikuwa shangazi. Miaka kadhaa baadaye wanaomba pasipoti, na kila afisa anataka kuelezwa kama kweli ni ndugu.

Amueni tahajia pia. Achieng' ina alama yake mwishoni, na kompyuta nyingi za ofisi haziitaki. Mkubwa akiandikwa kwa alama na jina la baba likawa Nyong'o, mdogo akaandikwa Nyongo, mmewapa majina mawili ya ukoo. Majina ya mtihani wa taifa hufuata cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kosa la karani wa leo litachapishwa kwenye cheti cha shule. Andikeni jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mpeni karani aliangalie, na msome tena kabla ya kuondoka dirishani. Msimtajie kwa mdomo kukiwa na foleni nyuma yenu.

Kwa wale ambao wameshaandikisha na sasa mioyo yao haijatulia: Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina tangu kuzaliwa, na Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inamruhusu mzazi kusajili jina lililobadilishwa ndani ya miaka 2 tangu mtoto asajiliwe, kwa ada na ushahidi atakaoutaka msajili. Kama Marcy wenu bado ananyonya, muda mnao. Nendeni na cheti chake na kadi ya kliniki, muulize ofisi ya usajili ya kaunti wanataka nini zaidi, na kabla ya kwenda mpigieni simu nyanya yule ambaye jina lake halijatajwa bado.