Asilimia ya vitundu haitoshi kwenye kaboneti

Wayne Ahr, profesa wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, aliupanga utafiti wake wa miamba ya mafuta ya kaboneti (chokaa na dolomaiti) kuzunguka swali ambalo walimu wengi hulifikia muhula ukiwa unaisha: kitundu hiki ndani ya mwamba kimetokana na nini? Huenda kilibaki pale chembe zilipotua chini ya bahari, au maji yaliyopita baadaye yaliyeyusha sehemu ya mwamba, au mwamba ulipasuka. Vingine ni mchanganyiko. Kwa maoni yangu somo lianzie hapo, logi za kisima, yaani rekodi za vipimo vya vifaa vinavyoshushwa kisimani, zije baadaye.

Tazama linavyofundishwa kawaida. Mwanafunzi anapewa kanuni ya Archie ya mwaka 1942, inayokadiria maji yaliyomo kwenye vitundu kutokana na ukinzani wa umeme wa mwamba, anaweka kipeo m (kinachoonyesha jinsi vitundu vilivyounganika) kuwa 2 kwa sababu ndivyo mifano ya darasani ilivyo, basi. Tuseme tabaka lina vitundu 20%, maji yake yana ukinzani wa omu-mita 0.05, na kifaa kisimani kimesoma omu-mita 10. Jibu: maji yamejaza kama 35% ya vitundu, kwa hiyo tabaka linafaa kutobolewa ili mafuta yatoke. Lakini kama mwamba huo ulikuwa na ooidi (chembe ndogo za mviringo za kaboneti) zilizoyeyuka, kila kitundu kimejifungia peke yake, m inaweza kufika 3. Kwa vipimo vilevile maji yanakuwa 79%, na kisima kitatoa maji. Logi ya ukinzani peke yake haikuonyi.

Uzito wa mwamba kwa ujazo nao una mtego wake. Logi yake ikisoma gramu 2.60 kwa sentimita ya ujazo, ukidhani mwamba ni kalsaiti, madini ya chokaa (2.71), unapata vitundu 6%. Kumbe ni dolomaiti (2.87): ni 14%. Tabaka zuri limeachwa.

Tiba ni ya bei ndogo. Dondoshea kipande cha mwamba asidi ya haidrokloriki ya 10%: kalsaiti hutoa povu papo hapo, dolomaiti husubiri uikwangue iwe unga. Kisha kata bamba la unene wa milimita 0.03, ukiwa umeshalijaza gundi ya buluu ili vitundu vionekane chini ya hadubini, na upake rangi ya alizarini: kalsaiti inakuwa nyekundu, dolomaiti inabaki ilivyo.

Jedwali la Dunham la 1962, linalogawa miamba ya kaboneti katika aina, wanafunzi hulikariri vizuri, na ni la lazima, ila linataja jinsi mwamba ulivyotuama tu. Halisemi kilichoupata baadaye.

Nchini Tanzania tahadhari hii ina uzito wake, kwani gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay iko kwenye mawe ya mchanga. Huko vitundu na upenyezaji (urahisi wa mwamba kupitisha vimiminika na gesi) mara nyingi hupanda pamoja. Anayekwenda na mazoea hayo kwenye chokaa za Ghuba ya Uajemi atapotea mapema.

Kosa jingine hutokea maabara. Vipande vya kupimia upenyezaji huwa na kipenyo cha sentimita 2.5 au 3.8, na fundi huchagua pasipo na ufa wala shimo, maana hapo ndipo panapokatika vizuri. Matokeo yake, sehemu zinazopitisha mafuta hazipimwi kabisa. Penye mashimo makubwa, agiza kiini kizima (mche wa mwamba uliotolewa kisimani) kipimwe, kwa kipenyo chake chote.