Tusimhukumu mbuzi kabla ya kujua ukoo wa mdudu

Nilimpeleka mpwa wangu wa miaka minne zahanati, kikopo cha choo mkononi. Alikuwa akiharisha wiki ya pili, tumbo limejaa gesi. Majibu: giadia, kijidudu cha utumbo. Mhudumu akauliza swali moja tu, "Nyumbani mnalala na mbuzi?" Nikajibu ndiyo. Ugogoni ndama na vitoto vya mbuzi kulala ndani si habari. Basi mbuzi akapatikana na hatia, tukashauriwa atolewe nje.

Hadubini huonyesha umbo tu. Giadia ya mtoto na ya ndama zinafanana kama pacha. Tofauti iko kwenye vinasaba. Wataalamu wamezigawa katika koo kwa herufi, A hadi H. A na B ndizo za binadamu hasa, C na D za mbwa, E ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na nguruwe, na kwa mtu hukutwa kwa nadra. Majibu yakitoka B, anza kuchunguza watu: choo, mikono ya anayemlisha mtoto, maji ya kunywa. A ina utata, maana wanyama nao wanayo.

Kinachoniudhi zaidi ni amiba, kijidudu kingine cha utumbo. Iko inayotoboa utumbo na iko inayokaa tu bila neno, na vifuko vyao vinavyotoka na choo havitofautiani kwa hadubini. Zilitenganishwa rasmi mwaka 1993. Mpaka leo tunaandikiwa "amiba", tunameza dawa ya metronidazo, mdomo unabaki na ladha ya chuma, pengine bure.

Sidai kila zahanati iwe na mashine ya PCR, ya kupima vinasaba. Choo kidogo kikihifadhiwa kwenye ethanoli (si formalini, hiyo huharibu vinasaba) kinasafiri kwa basi hadi Dodoma mjini, penye chuo kikuu na hospitali kubwa. Mpwapwa kuna watafiti wa mifugo tangu enzi za Mjerumani. Wakae pamoja, wachukue choo cha watoto na cha mbuzi wa boma lilelile, walinganishe.

Mpwa wangu kamaliza dawa, anakula vizuri. Shemeji alitii ushauri, akavitoa vitoto vya mbuzi nje. Usiku wa tatu fisi kachukua viwili. Ndoo ya maji ya kunywa iko palepale, wazi, na kikombe kimoja cha kuchotea wote.