Kidimbwi cha Uani Kifukiwe, Maji Yabaki

Baadhi ya nyumba mpya za hapa Kisumu, hasa zile zinazopanda kuelekea Riat, zina kidimbwi cha mapambo uani, chenye ngege wachache, mimea ya majini na pengine daraja dogo la mbao la kupigia picha. Sina ugomvi na mapambo. Ugomvi wangu ni na maji yaliyo wazi katika boma lenye watoto wadogo, na msimamo wangu ni kwamba kidimbwi cha namna hiyo hakifai kuzungushiwa ua tu. Kinafaa kujazwa mawe, maji yake yakae chini ya mawe hayo na kupandishwa juu kwa pampu, ili mlio na ubaridi wake ubaki bila kina chochote cha mtu kuzama.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watoto wa miaka 1 hadi 4 ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa maji. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kikilinganishwa na mwili wake, hivyo akiinama kumchungulia samaki hutangulia kichwa, na maji ya sentimita chache yanatosha kumziba pumzi. Mara nyingi hapigi hata kelele. Wanaotetea ua husahau jinsi tunavyoishi: mwezi wa Desemba wajukuu wanapofika kutoka Nairobi na kuchanganyika na watoto wa jirani, lango la ua huachwa wazi na yeyote aliyepita na beseni la nguo, huku kila mtu mzima akidhani kuwa mwenzake ndiye anayewatazama.

Kazi yenyewe si ngumu, ingawa fundi asiyeielewa hukimbilia kumwaga kokoto katika shimo zima, na huo ni upotevu wa pesa. Sehemu kubwa ya kidimbwi ijazwe murram iliyoshindiliwa vizuri, kisha libakishwe shimo dogo, tuseme la mita 2 kwa 1.5 lenye kina cha sentimita 60, litandikwe karatasi nzito ya plastiki kama ile ya mabwawa ya kuvunia mvua, na ndilo lijazwe mawe. Mawe yenye ukubwa unaokaribiana huacha nafasi ya takriban asilimia 40 kati yake, kwa hiyo shimo hilo litahifadhi kama lita 700. Mawe ya ukubwa tofauti hujazana, madogo yakaziba mianya ya makubwa, na maji yakakosa pa kukaa. Kokoto zioshwe kabla ya kutiwa, kwa maana vumbi la machimboni hugeuka tope litakaloiua pampu mapema. Pampu iwekwe ndani ya pipa la plastiki lililotobolewa ubavuni kwa nondo iliyopashwa moto, na pipa lifunikwe kwa wavu wa chuma uliokazwa kwa bolti. Mawe ya juu kabisa yazidi ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, kwa kuwa mtoto aliyeepushwa na maji anaweza kupaliwa na kijiwe. Mwenye kiwanja upande wa Kano aongeze tabaka la mchanga chini ya plastiki, maana ule udongo mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Wengi hupenda maji yachuruzike kutoka kwenye chungu kikubwa, na mimi pia nakipendelea kuliko sanamu za saruji. Lakini chungu kilichojaa maji hadi mdomoni ni kidimbwi kingine kilichosimamishwa wima. Kijazwe mawe karibu na ukingo, paipu ipite katikati, na maji yanayoonekana yawe utando tu unaomwagika ubavuni.

Umeme ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu watoto sasa watakaribishwa kuyachezea maji hayo kwa mikono na miguu. Pampu ya volti 12 inayotumia sola ndiyo chaguo langu katika mji wenye jua kama huu. Anayetaka kutumia umeme wa stima asikubali kazi isiyo na swichi inayoukata mkondo unapovuja kwa miliampia 30, wala waya uliofukiwa bila bomba la kuukinga.

Mbu nao wasisahaulike katika ukanda huu wa malaria. Pampu ikizimwa kwa wiki moja au mbili, viluwiluwi hupata muda wa kukomaa hata chini ya mawe, kwa hiyo iendeshwe kila siku na pipa liwekewe chandarua cha matundu madogo. Joto la Kisumu hukausha maji haraka, na pampu inayozunguka pakavu huungua. Swichi ya boya, inayoizima pampu maji yanapopungua, huzuia hasara hiyo. Ngege waliokuwamo watajulikana pa kwenda. Magugumaji, ikiwa yalipandwa kwa ajili ya maua yake, yaanikwe juani hadi yakauke kabisa, yasitupwe mtaroni yakarudi ziwani.

Sisemi haya kuhusu mabwawa ya kufuga samaki. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi ulioanza mwaka 2009 uliwachimbia wakulima mabwawa ya mita 300 za mraba katika maeneo mengi, yakiwemo ya huku magharibi, na lile ambalo bado lina samaki na mwenyewe wa kulitembelea kila siku lizungushiwe ua imara liendelee na kazi. Lile lililotelekezwa, linalojaa maji ya mvua bila mwangalizi, halihitaji pampu wala chungu. Lirudishiwe udongo uliochimbwa humo, na urudishwe kabla ya masika.