Chagos na Maore: tuwasikilize wenye ramani au wenye kisiwa?

Ukikaa ufuo wa Dunga, Kisumu, saa za alasiri, omena ikikusanywa kutoka kwenye nyavu ilikoanikwa, mjadala wa Migingo, kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria kinachogombaniwa na Kenya na Uganda, haukosi kuzuka. Mmoja atasema ramani ya 1926 iko wazi, kile kisiwa ni cha Kenya, basi. Mwingine, na mara nyingi huyu ndiye aliyewahi kuvua huko, atamjibu: sawa omera, kisiwa ni chetu, lakini ada analipwa nani, na samaki wangu wakinyang'anywa nitamlilia nani? Mwaka 2009 Rais Museveni mwenyewe alikiri kwamba jabali hilo liko Kenya, ila akashikilia kuwa maji yanayolizunguka ni ya Uganda. Mwenye ramani alishinda siku hiyo. Mvuvi hakuona tofauti.

Nauleta ubishi huo kwa sababu ndio ule ule unaoendelea katika Bahari ya Hindi kuhusu visiwa vya Chagos, na Kenya imo ndani yake. Septemba 2018 mawakili wetu walisimama mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, pamoja na Umoja wa Afrika, kuitetea Morisi, inayovidai visiwa hivyo. Sidhani kama watu wengi huku nyanza za ziwa walilijua hilo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mnamo Novemba 1965, Uingereza iliikata Chagos kutoka kwa koloni lake la Morisi, miaka miwili na miezi minne kabla ya Morisi kupata uhuru Machi 1968. Sababu ilikuwa kisiwa kimoja, Diego Garcia, ambacho Marekani ilikitaka kwa kambi ya kijeshi. Visiwa havikuwa vitupu. Kulikuwa na watu kati ya 1,500 na 2,000, wengi wao wajukuu na vitukuu vya watumwa walioletwa kutoka Madagaska na Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya minazi. Walikuwa na kanisa lao, makaburi yao na Kikrioli chao. London ikaamua kuwaita vibarua wa mkataba, watu wasio na makao ya kudumu, kwa sababu mkazi wa kudumu ana haki na kibarua hufukuzwa. Kati ya 1968 na 1973 waliondolewa wote, wakamwagwa Morisi na Shelisheli. Kabla ya msafara wa mwisho kutoka Diego Garcia, mbwa wao walikusanywa katika banda la kukaushia nazi wakauawa kwa moshi wa magari. Wenye mbwa walikuwa bado wapo.

Kisheria, hoja ya Morisi ni nzito, na sioni pa kuitingisha. Azimio la Umoja wa Mataifa la 1960 kuhusu uhuru wa makoloni linakataza kulimega koloni kabla ya kuliachia. Februari 2019 majaji wa The Hague, 13 dhidi ya mmoja, walisema kumegwa kwa Chagos hakukuwa halali, na miezi mitatu baadaye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Mwafrika yeyote anajua kwa nini kanuni hii ni muhimu. Kama mkoloni angeruhusiwa kubaki na kipande anachokipenda kila anapoondoka, leo tungekuwa na vipande vingapi?

Anayetaka kuona kanuni hiyo ikivunjwa na isirekebishwe, atazame Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte. Desemba 1974 Ufaransa iliwapigisha kura watu wa Komoro kuhusu uhuru. Visiwa vinne kwa jumla vilitaka uhuru kwa takriban asilimia 95. Ila Paris ikahesabu kisiwa kimoja kimoja, na Maore peke yake ilikuwa imekataa, karibu asilimia 64. Komoro ilipojitangazia uhuru Julai 1975, Maore ikabaki. Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne, na hadi leo lipo azimio upande mmoja na bendera ya Ufaransa upande wa pili. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda Maore, hata kama shangazi yake ndiye anayeishi huko. Wengi hupanda mashua usiku kutoka Nzuwani, kisiwa jirani cha Komoro, na bahari imewameza wasiohesabika.

Hapo ndipo mtetezi wa ramani atakapokuambia: unaona? Ukianza kuwauliza watu wa kila kisiwa wanataka nini, mkoloni atakuwa na kisingizio cha milele. Ni hoja ya kweli. Lakini haimalizi jambo, maana watu wa Maore hawakuwa vibaraka tu. Kisiwa chao kilikuwa mikononi mwa Wafaransa tangu 1841, zaidi ya miaka 40 kabla ya Ngazija, Nzuwani na Mwali. Makao makuu ya utawala wa visiwa vyote yalikuwa kwao, Dzaoudzi, kisha yakahamishiwa Moroni, kisiwani Ngazija, pamoja na kazi na mishahara. Wanawake ndio waliolichukulia kwa uchungu zaidi. Kundi lililoongozwa na Zéna M'Déré lilikuwa likiwazingira viongozi waliotumwa kutoka Moroni na kuwatekenya mpaka wakimbilie kuondoka. Nimesoma juu ya migomo na maandamano ya kila aina, lakini silaha hiyo sijaiona kwingine. Na mwaka 2009, walipoulizwa kama wanataka kuwa mkoa kamili wa Ufaransa, zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Watu hawa wanasema Shimaore, ndugu wa Kiswahili, na wengi wao ni Waislamu kama majirani zao. Hawakukosa kujijua wao ni nani. Walipima, wakaona Moroni iko mbali nao kuliko Paris. Mapinduzi yasiyokwisha nchini Komoro hayakuwapa sababu ya kujuta, na mwaka 1997 hata Nzuwani ilijitenga ikaomba kurudi kwa Ufaransa. Ufaransa ikakataa.

Kwa hiyo nikiviweka visiwa hivi pamoja, kinachonisumbua ni hiki: wa Maore waliulizwa na mtu mwenye maslahi katika jibu, na wa Chagos hawakupigishwa kura na yeyote, iwe 1965 au baadaye. Mkataba uliotiwa saini tarehe 22 Mei 2025 kati ya London na Port Louis, mji mkuu wa Morisi, ulipanga kuirudishia Morisi mamlaka juu ya visiwa vyote, kisha Diego Garcia ikodishwe kwa miaka 99 kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Wachagosi walitengewa mfuko wa pauni milioni 40, na Morisi ikaruhusiwa kuwarudisha watu katika visiwa vingine, ila si Diego Garcia. Mazungumzo yalikuwa ya serikali mbili.

Wenyewe wamegawanyika. Kiongozi wao aliyezoeleka kule Morisi, Olivier Bancoult, ambaye alishinda kesi dhidi ya Uingereza mwaka 2000 kabla ya serikali kuufuta ushindi huo kwa amri ya 2004, ambayo majaji wa juu waliipitisha kwa kura 3 dhidi ya 2 mwaka 2008, ameupokea mkataba kama hatua. Wengine, hasa walio Crawley kusini mwa Uingereza, hawaitambui Morisi kama kwao. Wanakumbuka walivyopokelewa bandarini na kuachwa katika vibanda vya Port Louis. Wawili kati yao, Bernadette Dugasse na Bertrice Pompe, wote wazaliwa wa Diego Garcia, walikimbilia mahakamani London kujaribu kuuzuia mkataba.

Mimi nasimama upande wa Morisi kuhusu ardhi. Maore imenionyesha gharama ya njia nyingine, na wanaoilipa ni wale wa mashua za usiku. Lakini kumiliki ardhi hakumpi mtu ruhusa ya kumwamulia mwenye makaburi pale. Morisi ingeweza kuidai Chagos na wakati huo huo kuwaketisha Wachagosi mezani, na Afrika iliyoiunga mkono ingeweza kuliweka hilo kuwa sharti.

Kisingizio cha usalama nacho hakisimami vizuri. Diego Garcia haina wanajeshi peke yao. Kwa miaka mingi Wafilipino wameajiriwa pale kupika, kufua na kukarabati, wakiishi kambini kwa mikataba. Kama raia wa nchi ya tatu anaweza kulala hapo bila kuhatarisha chochote, sijaona maelezo yanayoridhisha ya kwa nini mtu aliyezaliwa hapo awe hatari, wala kwa nini nafasi hizo za kazi zisingeandikwa kwa jina lake katika mkataba wenye kurasa nyingi kiasi kile.