Nilikwenda Mafia kukaa peke yangu

Mimi huwa siwaelewi watu wanaotushauri eti ukitaka kupata marafiki, safiri peke yako. Kwani nchi hii kuna mtu amewahi kusafiri peke yake? Ukikaa tu kwenye basi, jirani ameshakuuliza kabila, ameshakuuliza mbona macho mekundu, na ameshakukabidhi mtoto umpakate ili yeye amenye chungwa lake. Marafiki wa safarini hawatafutwi. Kazi ni kuwakimbia.

Na mimi nilikuwa nawakimbia. Mama watoto kaenda kwao Nzega na watoto, nikasema sasa nitalala. Jirani yangu hapa Zakhem, Mbagala, naye akachagua wiki hiyohiyo kununua spika. Jumamosi asubuhi singeli inapigwa mpaka vikombe vinagongana kabatini. Nikatoka kwenda Rangi Tatu kununua nyama nusu kilo, nikamsikia mpiga debe: "Nyamisati! Mafia hiyo, Mafia! Boti inasubiri!" Nyama sikununua. Nikasema moyoni, kisiwa kina maji pande zote, nani atanifuata huko?

Mzigo wangu ulikuwa malapa na simu. Njiani, Bungu, nikaongeza chapati.

Boti za Nyamisati hazifuati saa, zinafuata maji. Yakipwa, mnakaa hapo kwenye mikoko ya Rufiji mnatazamana mpaka yajae, na balaa linaanzia hapo, maana watu wakitazamana muda mrefu lazima wasalimiane. Upande mmoja nilikuwa na mama mmoja wa makamo, kapakata kisado cha vitunguu. Upande wa pili mwalimu kijana, ajira mpya, kapangiwa Mafia, godoro lake kalikunja na kulikaza kwa kamba kama mtu anayeogopa litatoroka. Mbele yetu kijana wa maboksi ya vifaranga, na vifaranga wanalia kwa zamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wa wapi wewe?"

"Nakaa Mbagala."

"Sijakuuliza unapokaa. Kwenu wapi?"

"Tabora."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mnyamwezi?" Nikakubali. Sikujua kama nimesaini. Mama akanyoosha mkono, akachukua chapati iliyokuwa njiani kwenda kinywani mwangu, akaikunja, akaila yeye. "Mtani wangu huyu! Mie Mzaramo. Mnyamwezi na bahari wapi na wapi? Babu zako walishuka Pwani na pembe za ndovu, wewe umeshuka na malapa!" Watu wakacheka mpaka nahodha akageuka.

Utani wa namna hii hauna pa kukata rufaa. Mtani akichukua chako, ukinuna wewe ndiye mkosaji. Wazee wangu karne ya 19 walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wakapita kwa Wazaramo, wakagombana, wakapatana, wakataniana. Deni nalilipa mimi, kwa chapati za Bungu.

Tulipoiacha mikoko na kuingia kwenye mkondo wenyewe, boti ikaanza kunesa, na tumbo langu nalo. Zamani ungeomba rambo. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, jambo zuri kabisa kwa kasa na samaki, lakini huu mfuko mbadala tuliopewa, wa kitambaakitambaa, kwa shughuli niliyokuwa nayo ni kama chujio la tui. Mtani alinitazama usoni mara moja tu. Akafungua kanga, akamimina vitunguu vyote humo, akanisukumia kisado. Mwalimu akanishika mgongo. Kijana wa vifaranga akatoa ndimu mfukoni, sijui alikuwa nayo ya nini, akaikata kwa meno na kunipa ninuse.

Sasa wewe niambie. Umeshatapika kwenye kisado cha mtu, mwingine kakushika mgongo, mwingine kakupa ndimu yenye alama za meno yake. Utashukaje Kilindoni ujifanye hamjuani?

Nilijaribu. Nikauliza gesti iko wapi. Mtani akaniziba njia: "Ulale gesti kama huna watu? Dada yangu kaolewa hapa, twende." Mwalimu naye hakuwa na pa kufikia, akafuata na godoro lake. Kijana wa vifaranga alisema mteja wake atakuja kesho, kwa hiyo vifaranga wakafuata. Usiku wali wa nazi, pweza wa nazi, mchicha wa nazi. Hata chai niliinusa kwanza. Nikauliza kwa adabu kama kuna ugali, nyumba nzima ikaambiwa Mnyamwezi kaanza. Nikalala chumba cha vijana, mwalimu ubavuni, vifaranga ukumbini, chiu chiu chiu mpaka alfajiri. Nimekimbia singeli hiyo.

Jumapili naambiwa niamke, tunakwenda kuona papa potwe. "Tumeshachanga boti, na wewe tumekuweka." Hapo ndipo nilipolisikia neno kuchanga kwa mara ya kwanza, nikalipuuza. Papa potwe huonekana sana Mafia kati ya Oktoba na Machi, na sisi tulikuwa Novemba. Mwenye boti akatuonya tusimshike wala tusimkaribie mkia. Mimi nilikuwa sijapanga kumkaribia sehemu yoyote, nikabaki kwenye boti nimeshikilia mbao. Akapita chini yetu taratibu, mgongo una madoa meupe, urefu wa Kosta nzima, mdomo wazi anachuja vijidudu vya majini. Hakusalimia, hakuuliza kitu. Katika safari yote ile, huyo ndiye kiumbe pekee ambaye hakutaka kujua kwetu wapi. Nilimpenda.

Mchana wakanivusha Chole, kisiwa kidogo cha jirani, kuangalia popo, wale wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa mitini. Mtani akasema hao nao wanalala bure, kama mimi. Kurudi Dar nimerudi, tuyaache.

Huko nyuma mwalimu kafungua kundi la wasapu, "Ndugu wa Boti". Kila asubuhi mtu anatuma ua limeandikwa Jumatatu Njema, hata Jumanne. Kijana wa kuku anatuma picha za vifaranga wanavyokua, eti tuwapongeze. Na mtani kila baada ya siku chache: "Mume wangu, kisado changu lini?"

Mama watoto kurudi kutoka Nzega, simu iko mezani, ikawaka.

"Mume wake ni nani, na kisado ndiyo nini?"

Nikaeleza. Unapoeleza jambo la kweli lenye boti, papa na vitunguu kwenye kanga, unajisikia kabisa kwamba unadanganya. Akachukua simu, akapiga, akatoka nayo uani. Nikakaa kusubiri vita. Nikasikia: "Wewe Mzaramo wewe! Unamlia mume wangu chapati?" Kimya kidogo. Halafu kicheko, cha huku na cha kule, maana spika ya simu ilikuwa wazi. Mke wangu naye Mnyamwezi. Walizungumza mpaka dakika zikaisha, akaniagiza nikaunge nyingine.

Sasa mwalimu anaoa hukohuko Kilindoni. Kamati imeundwa, na mweka hazina ni mke wangu, mtu ambaye hajawahi kukanyaga boti ile. Juzi imetumwa orodha ya ahadi, jina langu namba moja: shilingi laki moja, na kisado kipya chenye mfuniko.

Nimemuuliza nani kaniandika. Kasema ofisi yake inapokea michango, maswali yapelekwe kwa mwenyekiti. Mwenyekiti ni mtani.