Bastola kwenye nyumba za kutisha za Halloween: kama ni lazima iwepo, ikae wapi?

Kila mwaka nchini Marekani, kuanzia wiki za mwisho za Septemba hadi siku chache baada ya Halloween, sikukuu ya kuvaa vinyago na kutishana ya tarehe 31 Oktoba, maghala matupu, mashamba ya mahindi na bustani za bembea hugeuzwa nyumba za kutisha. Watu hulipa ili wapite kwenye vijia vya giza, wakurupushwe na waigizaji waliojipaka damu bandia, kisha watokee upande wa pili wakicheka au wakilia. Mapato ya mwaka mzima hupatikana ndani ya usiku ishirini hivi. Wenye biashara hii wamekuwa wakibishana kama waajiri walinzi wenye silaha za moto. Ubishi hauishi kwa sababu pande zote mbili husema "walinzi wenye silaha" bila kutaja watasimama wapi, na hapo ndipo kila kitu kinapobadilika.

Hoja ya wanaotaka silaha inaanzia kwenye umbali. Nyumba nyingi za aina hii ziko nje ya mji, kwenye shamba lililokodiwa, ambako gari la sherifu wa kaunti laweza kuchukua robo saa au zaidi kufika. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilipochambua matukio 160 ya watu waliofyatulia umma risasi kati ya 2000 na 2013, ilikuta kwamba katika matukio 63 ambayo muda wake ulijulikana, 44 yalikwisha ndani ya dakika tano au chini ya hapo. Anayesema "tutapiga 911", yaani namba ya dharura, anategemea msaada utakaofika mambo yameshamalizika. Hoja hii ni nzito, na wapinzani wa silaha hukosea wanapoipuuza.

Halafu kuna pesa. Nyumba ndogo bado huuza tiketi kwa taslimu, na Jumamosi ya katikati ya Oktoba, saa tano usiku, kibanda cha mbao chenye kijana mmoja ndani kinaweza kuwa na maelfu ya dola. Hapa mlinzi mwenye bastola anafanya kazi ileile ambayo mkazi wa Dar es Salaam amezoea kuiona mlangoni pa benki: kuonekana, ili mwizi abadili nia. Ila tatizo hili lina dawa ya bei nafuu zaidi. Ukiuza tiketi mtandaoni kwa vipindi vya nusu saa, taslimu inapungua na foleni inafupika kwa mpigo mmoja. Taslimu inayobaki iondolewe kibandani kila saa na watu wawili, kwa muda usiotabirika, iingizwe kwenye sefu yenye tundu la kutumbukizia pesa, ambayo mfanyakazi wa kibanda hana ufunguo wake.

Tukio linalotajwa na pande zote ni la Kennywood, bustani ya burudani ya West Mifflin karibu na Pittsburgh, Pennsylvania. Usiku wa tarehe 24 Septemba 2022, wakati wa tamasha lao la Halloween, watu watatu walijeruhiwa kwa risasi ndani ya bustani, wawili wao wavulana wa miaka 15. Mlangoni kulikuwa na mashine za kukagua chuma, na polisi walikuwa zamu. Upande mmoja husema hatari ni ya kweli, basi ongezeni silaha. Upande wa pili hujibu kwamba silaha zilikuwepo na hazikuzuia kitu. Kinachofundisha zaidi ni hatua zilizofuata: tamasha lilipofunguliwa tena, aliye chini ya miaka 18 alitakiwa aje na mtu mzima wa miaka 21 au zaidi. Knott's Berry Farm ya California, ambayo imekuwa na usiku wa kutisha tangu 1973, ilikuwa imeweka sharti la namna hiyo Julai mwaka huohuo, baada ya vijana kupigana bustanini. Bustani zote mbili, zenye pesa na mawakili wa kutosha, ziliona shida iko kwenye nani anaingia, saa ngapi na akiwa na nani.

Kuna jambo la kisheria ambalo waendeshaji wadogo hulisahau. Texas, kwa mfano, tangu tarehe 1 Septemba 2021 watu wazima wengi wanaruhusiwa kubeba bastola bila kibali. Sheria ya jimbo hilo inazitaja bustani za burudani miongoni mwa sehemu zenye masharti ya silaha, lakini bustani inayotambuliwa humo ni ile ya kudumu, yenye eneo la angalau ekari 75, inayofanya kazi zaidi ya siku 120 kwa mwaka na yenye walinzi muda wote. Ghala la kutisha la siku ishirini halimo. Mwenye ghala asipobandika mabango ya katazo, kwa maneno na ukubwa wa herufi uliowekwa na sheria, mgeni wake anaweza kuingia kihalali na bastola kiunoni. Kisha mgeni huyohuyo anarukiwa gizani na mtu mwenye shoka. Mjadala wa bastola ya mlinzi hauna maana kabla hujajua umeamua nini kuhusu bastola ya mgeni.

Tuingie ndani sasa, maana huko ndiko hoja ya silaha inakovunjika. Kijia cha kawaida kinatosha watu wawili waliobanana. Kuta ni plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi. Kuna moshi wa mashine, taa za kumetameta na spika zinazonguruma, na kundi jipya linaingizwa kila baada ya sekunde thelathini au arobaini, kwa hiyo nyuma ya kila ukuta kuna watu. Risasi ya bastola hupita plaiwudi moja, ya pili na ya tatu, ikamkute mtu ambaye mfyatuaji hakujua yupo. Kelele za "nisaidieni!" ni sehemu ya mchezo, hazimwambii mlinzi lolote. Mitungi ya hewa iliyobanwa hulipuka kwa mshindo unaofanana na risasi. Muigizaji mmoja anakimbiza watu na chenso (msumeno wa injini) iliyotolewa mnyororo, mwingine ana panga la mpira. Mlinzi amefundishwa kutazama mikono kwanza, na humu kila mkono umeshika kitu cha kuua. Kinyume chake nacho hutokea: Ohio mwaka 2021 muigizaji aliyetumia kisu cha kweli alimjeruhi mtoto wa miaka 11 mguuni.

Mlinzi naye hatambuliki. Usiku wa Halloween mtu mwenye sare na bastola anaonekana kama muigizaji mwingine tu, na wageni wengine huja wamevaa sare za polisi kwa mzaha. Watamgusa, watamsukuma, kuna atakayejaribu kuichomoa bastola akidhani ni ya plastiki. Ala ya bastola yenye vizuizi viwili au vitatu hupunguza hatari hiyo lakini haiiondoi, na mlinzi anayelazimika kuilinda silaha yake kwa mkono mmoja anabaki na mkono mmoja wa kuamulia ugomvi. Ndiyo sababu wazoefu wa ulinzi wa kumbi husema mwenye bastola asiwe mtu wa kwanza kuingilia vurugu. Anayeingilia ni asiye na silaha.

Na akifyatua je? Ripoti ya taasisi ya RAND ya 2008 kuhusu polisi wa New York ilionyesha kwamba katika mapambano ya kurushiana risasi kati ya 1998 na 2006, wastani wa asilimia 18 tu ya risasi zao zilimpata mlengwa. Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, asubuhi kweupe, askari wawili walifyatua risasi 16 kumkabili mtu aliyekuwa ametoka kuua, na wapita njia tisa walijeruhiwa kwa risasi hizo au vipande vyake. Hao ni askari polisi kamili, mahali penye mwanga. Mlinzi wa kampuni binafsi huko California hupata kibali cha silaha baada ya saa 14 za mafunzo ya bastola, yaani 8 za darasani na 6 za uwanja wa shabaha. Colorado haina hata leseni ya jimbo kwa walinzi, ingawa jiji la Denver limejitungia yake.

Sasa tutazame kilichowahi kuua watu wengi kwa mkupuo ndani ya jengo la aina hii. Tarehe 11 Mei 1984, moto uliteketeza jengo la kutisha la Six Flags Great Adventure, bustani ya burudani huko New Jersey, na kuua vijana wanane. Halikuwa na vinyunyizio vya maji. Baada ya hapo kanuni za usalama wa majengo zilikazwa: vinyunyizio, vigundua moshi, na mfumo ambao kengele ikilia unazima sauti za kutatanisha na kuwasha taa za kutokea. Mfumo huohuo ndio silaha bora ya usalama ndani ya nyumba ya kutisha, na wengi wanao tayari bila kuutumia hivyo. Weka kitufe cha kusimamisha onyesho kwa msimamizi wa chumba cha kamera na kingine kwa kiongozi wa kila sehemu. Kikibonyezwa, taa zinawaka, moshi na spika zinakatika, waigizaji wanavua vinyago na kuelekeza watu mlangoni. Neno la dharura kwenye redio ya upepo liwe moja, lisilotamkwa kamwe kwenye igizo. Kamera ziwe za kuona gizani, kwa sababu ngumi nyingi wanazopigwa waigizaji hutokana na mgeni kushtuka, na picha ndiyo itakayosema nani alianza. Jaribuni mfumo kila usiku kabla ya kufungua. Hitilafu ya kawaida ni redio kutoshika ndani ya ghala la mabati, au kitufe kuwa kimefunikwa na pazia lililotundikwa wiki hiyo.

Kwa upande wa gharama, tuchukue mfano wa hesabu tu. Msimu wa usiku 22, saa sita kila usiku, askari polisi wawili walio nje ya zamu kwa dola 60 kwa saa: ni dola 15,840. Mlinzi asiye na silaha kwa dola 25 ni dola 3,300 kwa msimu, kwa hiyo fedha ileile inalipa karibu watano. Ukaguzi wa wageni mlangoni nao uhesabiwe. Kama watu 600 wanafika kwa saa na kila mmoja anachukua sekunde 10, mlango mmoja hupitisha 360 tu; unahitaji miwili. Ukiweka mmoja, foleni ya watu waliochoka kusubiri ndiyo itakayokuzalishia ugomvi uliotaka kuuzuia.

Mahakama nazo zinakata pande zote mbili. Katika kesi ya Griffin dhidi ya The Haunted Hotel, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya California mwaka 2015, mtu alikimbizwa na muigizaji mwenye chenso baada ya kudhani ameshatoka, akaanguka na kuumia, lakini hakupata fidia: aliyelipia kutishwa amekubali hatari ya kutishwa. Kinga hiyo haifiki kwenye risasi ya mlinzi, kwa kuwa hakuna anayenunua tiketi kwa ajili ya risasi. Lakini kama maegesho yako yaliwahi kuwa na uporaji na hukufanya lolote, aliyeporwa mara ya pili atadai kwamba ulijua. Na kabla ya kuajiri yeyote, isome bima yako. Sera nyingi za burudani huondoa madai ya silaha za moto au ya shambulio kwa kifungu kifupi kilicho mbali na ukurasa wa bei.

Kwa mizani hii, kuilazimisha kila nyumba ya kutisha iwe na walinzi wenye bastola ni kosa, na kuzikataza zote pia ni kosa. Panapokuwa mbali na polisi, au penye historia ya uporaji, silaha ina nafasi: kwenye maegesho na karibu na kibanda cha tiketi, penye mwanga, mkononi mwa askari polisi wa eneo hilo aliye nje ya zamu na amevaa sare kamili. Huyo ana mamlaka ya kukamata, redio inayofika kituoni moja kwa moja, na wenzake watakaokuja wanamfahamu sura. Ndani ya vijia asiingie na bastola isipokuwa kuna mtu anayefyatua risasi, na hapo taa ziwe zimeshawashwa.

Mkataba wa askari huyo useme mambo manne kwa maandishi: nani ana amri ya kusimamisha onyesho, mpaka wa eneo lake, kwamba amepitishwa ndani ya nyumba yote taa zikiwa zimewaka na akaonyeshwa kila panga la mpira na kila mtungi wa hewa, na kwamba haondoki mpaka gari la mwisho la wafanyakazi litoke. Hilo la mwisho huachwa mara nyingi, kwa sababu mwenye nyumba huhesabu saa za wageni akasahau kwamba sefu hufunguliwa wageni wakishaenda.