127.0.0.10 si hukumu

Juzi mteja wangu mwenye duka la uchapishaji Mwanza alituma kotesheni kwa barua pepe kwa ofisi moja, ikarudi. Sababu: anwani yake ya IP imo kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linalotunza orodha za anwani ambazo seva za barua huzitumia kuzuia barua taka. Mama huyu hajawahi kumtumia mtu barua taka. Nikaangalia jibu la orodha, nikakuta 127.0.0.10. Hapo ndipo nilipokasirika.

Jamani tunaoshika seva za barua, majibu haya hayafanani! Unapoiuliza zen.spamhaus.org, yaani orodha zao zikiwa pamoja, unapeleka namba za anwani kinyumenyume kupitia DNS, mfumo wa kutafuta majina ya intaneti, na kinachorudi kina maana yake. 127.0.0.2 ni SBL, chanzo kinachohusishwa na barua taka. 127.0.0.4 ni XBL, mashine iliyotekwa na virusi. 127.0.0.10 na 11 ni PBL, na PBL haimtuhumu mtu yeyote. Inasema tu kwamba hii ni laini ya mteja wa kawaida, isiyotakiwa kukabidhi barua moja kwa moja kwa seva ya mpokeaji. Ile 10 mara nyingi huwekwa na mtoa huduma mwenyewe.

Na mama huyu hakukabidhi chochote moja kwa moja. Aliingia kwa nywila kwenye seva ya kampuni inayomhifadhia barua, nayo seva hiyo ni safi. Kichujio cha ile ofisi kikafukua njia yote iliyopitiwa na barua hadi mwanzo, kikaikuta laini ya nyumbani, kikakataa. Spamhaus wenyewe wanakataza PBL kutumiwa hivyo. Mtu anakosa kazi kwa sababu anatumia intaneti ya nyumbani kwake, na aliyemfungia hajui kwamba amemfungia!

XBL nayo iangaliwe. Laini zetu za simu hugawana anwani moja ya IPv4 watu wengi, kwa hiyo simu moja yenye programu chafu huwaponza wote. Ukiitumia kufungia watu ukurasa wa kuingia kwenye tovuti, umewaadhibu wasiohusika.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila orodha hizi seva zetu zingezama. Spamhaus wapo tangu 1998, na PBL huzuia mashine zilizotekwa kabla barua haijapokelewa. Sisemi izimwe. Ila UCEPROTECT, orodha ya watu wengine, kiwango chake cha 3, kinachoorodhesha mtandao mzima wa mtoa huduma, kisitumike kukataa barua ya mtu.

Ninachodai ni kidogo. Kwenye Postfix, programu ya seva ya barua, permit_sasl_authenticated (mruhusu aliyeingia kwa nywila) itangulie reject_rbl_client (mkatae aliyemo kwenye orodha). PBL ikague anwani iliyogonga seva yako tu. Taja majibu unayoyakubali, 127.0.0.2 hadi 11, kwa sababu 127.255.255.254 ni jibu la hitilafu, maana yake umeuliza kupitia DNS ya umma, na seva isiyotofautisha hukataa barua za kila mtu. Na ujumbe wa kukataa utaje orodha, msimbo, na namba ya simu inayopokelewa na binadamu.